Dance Hall Style: kisa cha albamu ya Horace Andy iliyozamishwa na wingi wa nyimbo zake

Mtaje Horace Andy mbele ya mpenzi wa rege, awe wa Dar, Nairobi au London, naye atakujibu Skylarking. Wachache wataongeza kwamba ndiye mwenye ile sauti inayotetemeka kwenye nyimbo za kundi la Uingereza la Massive Attack. Kazi yake nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, haimo katika hizo mbili. Ni albamu ya nyimbo sita tu iliyorekodiwa Bronx, New York, ikatolewa mwaka 1982 na lebo ndogo ya Wackie's kwa jina la Dance Hall Style. Ilitoka, ikawafikia waliokuwa karibu na duka, ikapita. Miaka karibu 20 ilikatika kabla haijarudi sokoni kwa heshima yake.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba ilikuja wakati mbaya. Bob Marley alikuwa amefariki Mei 1981, rege ya mizizi ilikuwa imechoka, na vijana wa Kingston walikuwa wamewahamia waghani wa ukumbini kama Yellowman. Maelezo hayo yanapendwa kwa sababu ni mepesi. Ninachokiona mimi ni kwamba albamu hii ilizamishwa na mambo mawili mengine: anwani yake, na biashara iliyomlea mwimbaji wake, biashara iliyomfanya aimbe mno hata asiwepo aliyejua ni lini aache shughuli zake amsikilize.

Mwimbaji wa kila mlango

Alizaliwa Kingston tarehe 19 Februari 1951, jina lake Horace Hinds. Mara ya kwanza alipokwenda kujaribiwa Studio One, kwa Clement "Coxsone" Dodd, alikwenda na mwenzake, wakakataliwa wote wawili. Siku chache baadaye akarudi peke yake, akapokewa. Jina la Andy alipewa na Dodd, kwa kumfungamanisha na Bob Andy, mtunzi aliyekuwa akiheshimika sana pale pale studioni. Albamu yake ya kwanza, Skylarking, ilitoka mwaka 1972, na wimbo uliobeba jina hilo, unaowakemea vijana wanaozurura badala ya kutafuta kazi, ukawa kibao kikubwa Jamaika.

Sauti yake ndiyo mtaji wake. Ni nyembamba, iko juu, na kila neno refu huishia na mtetemo ambao ukiusikia mara moja huwezi kuuchanganya na wa mwingine. Waigaji walikuwepo, na wazuri. Wayne Jarrett, aliyerekodi kwa Wackie's hao hao, alimkaribia kiasi cha kumbabaisha msikilizaji asiye makini. Hiyo yenyewe inaonyesha alivyotamaniwa. Prodyuza akimkosa Horace Andy, alitafuta wa kufanana naye.

Sasa biashara yenyewe. Katika Kingston ya miaka ya 1970 mwimbaji hakuwa mali ya lebo moja kama wenzake wa Ulaya. Aliamka asubuhi, akaenda kwa prodyuza, akaimba wimbo mmoja au miwili, akalipwa chake mkononi, wiki ijayo akaenda kwa mwingine. Sheria ya hakimiliki iliyokuwa ikitumika Jamaika ilikuwa ile ya Uingereza ya mwaka 1911, na haikubadilishwa mpaka mwaka 1993. Mrabaha ulikuwa hadithi. Katika hali hiyo, njia ya mwimbaji kuishi ilikuwa kurekodi mara nyingi, pengine wimbo ule ule kwa watu tofauti, kila mara juu ya mdundo mwingine. Wimbo wake wa kuilaani fedha, uliokuwa umeshasikika katikati ya miaka ya 1970 kwa prodyuza Bunny Lee, ndio huo huo unaofungua Dance Hall Style. Lonely Woman, ulio kwenye albamu hiyo hiyo, nao alikwisha kuuimba miaka kumi nyuma.

Kwa hiyo ukiitazama orodha yake unapata kizunguzungu. Mwaka 1977 kuna In the Light, iliyotayarishwa na Everton DaSilva na kutolewa New York, albamu nzuri kweli. Mwaka 1978 kuna Pure Ranking, na kuna nyingine aliyoifanya na Tapper Zukie. Zinafuata santuri za kushirikiana na Bim Sherman na Errol Scorcher. Hapo hujahesabu nyimbo moja moja za inchi 7 na za inchi 12. Mnunuzi wa mwaka 1982 aliyekuta santuri nyingine ya Horace Andy dukani alikuwa na kila sababu ya kuipita. Angejuaje kwamba hii ndiyo?

Hartford, halafu barabara ya White Plains

Mwaka 1977 Horace Andy alihamia Hartford, katika jimbo la Connecticut. Kwa asiyejua historia ya Wajamaika huko, hilo laweza kuonekana jambo la kushangaza, maana Hartford si mji wa muziki. Lakini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mashamba ya tumbaku ya bonde la Connecticut yalipopungukiwa vibarua, yaliajiri Wajamaika, na wengi wakabaki. Miaka thelathini baadaye jamii ilikuwepo: makanisa, vilabu vya kriketi, maduka ya vyakula vya nyumbani. Kutoka hapo hadi Bronx ni mwendo wa kilomita 160 hivi, safari ya asubuhi kwa mwenye gari.

DaSilva aliuawa mwaka 1979, na pamoja naye ukafa mlango mmoja ambao huenda ungempeleka mwimbaji mbali. Mlango uliokuja kumfaa zaidi ulikuwa wa Lloyd Barnes, ambaye wote walimwita Bullwackie. Huyu ni mtoto wa Trench Town aliyehamia New York mwaka 1967, sheria ya uhamiaji ya Marekani ilipokuwa imeanza kuwafungulia njia watu wa visiwa vya Karibiani, huku Uingereza ikiwa imeshafunga mlango wake tangu mwaka 1962. Alianza na mitambo ya muziki ya kupiga kwenye sherehe, kisha akajenga studio na kufungua duka la santuri upande wa kaskazini wa Bronx, kwenye barabara ya White Plains.

Barabara hiyo inastahili kuelezwa. Treni haipiti chini ya ardhi pale. Inapita juu, kwenye madaraja ya chuma yaliyojengwa katikati ya barabara hadi kituo cha mwisho cha mtaa wa 241. Chini yake ni kivuli, nguzo, na maduka yaliyobanana: saluni, mikate ya nyama ya Kijamaika, bima, simu za kimataifa. Kila baada ya dakika chache ngurumo inapita kichwani. Sisemi kwamba treni iliingia kwenye kinasa sauti. Nasema kwamba aliyezoea kufanya kazi chini ya ngurumo hiyo hawezi kuiogopa besi.

Wackie's walikuwa na sauti yao. Studio za Kingston za wakati huo, Channel One hasa, zilipenda ngoma kavu na kali, inayogonga usoni. Barnes na mafundi wake walikwenda kinyume. Kila kitu chao kina ukungu. Besi ni kubwa na ya mviringo, ngoma zinasikika kana kwamba ziko chumba cha pili, gitaa la mkato linaacha mkia wa mwangwi unaochukua muda kufifia. Love Joys, Junior Delahaye, Milton Henry, Sugar Minott alipopita, wote walirekodi ndani ya ukungu huo. Kuna wanaosema ni upungufu wa vifaa uliogeuzwa kuwa mtindo. Huenda, lakini upungufu wa vifaa hautoi albamu kumi na kitu zenye sauti moja inayotambulika. Aliyekaa kwenye mitambo alijua anachokitaka.

Yaliyomo

Nyimbo sita, zote zimenyooshwa. Kwa kawaida santuri ndogo ya Kijamaika ilikuwa na wimbo upande mmoja na dabu yake, yaani mdundo wake ulioondolewa sauti na kutiwa mwangwi, upande wa pili. Ukumbini mpigaji aliupiga upande wa waimbaji, kisha akaigeuza santuri ili mghani achukue kipaza sauti juu ya mdundo mtupu. Kwenye albamu hii pande hizo mbili zimeunganishwa. Mwimbaji anamaliza beti zake, halafu bila kusimama fundi anaanza kuondoa vyombo kimoja kimoja, gitaa linatoka, kinanda kinatoka, pigo moja la ngoma linatupwa kwenye mashine ya mwangwi na kurudi mara nne, tano, besi inabaki peke yake ikitembea. Jina la albamu linatokana na namna hiyo ya ukumbini, wala si ughani wa kina Yellowman. Mtu aliyeinunua akitegemea vichekesho na mbwembwe alipata kitu kingine kabisa.

Wimbo wa kwanza ni Money Money. Ujumbe ni ule wa waraka wa Paulo kwa Timotheo, kwamba kupenda fedha ndiko shina la mabaya yote. Toleo la Bunny Lee lina mwendo, na ukilisikiliza goti litacheza. Hili la Bronx limepunguzwa mwendo mpaka linatisha. Besi inaingia kama mdai aliyekuja na barua, na sauti ya Horace Andy iko nyuma kidogo, si mbele kama waimbaji wanavyopenda kuwekwa. Anaimba kuhusu fedha kwa sauti ya mtu ambaye imeshamtenda. Maneno ni yale yale, na mwimbaji ni yule yule, lakini miaka imepita katikati, na inasikika.

Cuss Cuss inasimama juu ya ridimu, yaani mdundo wa vyombo unaoimbiwa tena na tena, ya zamani ya Lloyd Robinson, iliyotayarishwa na Harry J mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuimbiwa na watu wengi kabla na baada yake. Kwa Mjamaika ridimu ya namna hiyo ni mali ya umma. Unaposikia besi zile noti chache za mwanzo unajua tayari, unasubiri tu kuona huyu ataifanyia nini. Horace Andy anaifanyia jambo dogo lakini gumu. Hashindani na mdundo, anaukalia. Kwenye dabu ya mwisho anabaki na vipande vya maneno tu vinavyokuja na kuondoka, na kwa kweli hapo ndipo albamu inapokuwa bora zaidi kwa sikio langu.

Spying Glass ndio moyo wa albamu. Anayesimuliwa ni Rasta anayekaa mjini peke yake, anayejiepusha na waovu na wachongezi. Hawamwachi. Anahama, anakwenda shamba, anapanda vilimani, na bado wanamfuata kwa darubini wapate kujua kila kitu chake. Wimbo hausemi ni nani wanaotazama. Hautaji polisi wala serikali, wala jirani kwa jina, na ukimya huo ndio unaomtia msikilizaji baridi.

Mjamaika hakuhitaji kuambiwa. Leonard Howell, mmoja wa waanzilishi wa imani ya Rasta, aliwapeleka wafuasi wake kwenye vilima vya St Catherine mwaka 1940, mahali palipoitwa Pinnacle, ili wakae mbali na wasumbufu. Polisi walipavamia mwaka uliofuata, na mwaka 1954 wakapavunja. Kisha ukaja Aprili 1963 huko Coral Gardens, karibu na Montego Bay. Baada ya ugomvi wa kituo cha mafuta ulioua watu, Marasta wa magharibi ya kisiwa walisakwa majumbani, wakapigwa, wakafungwa, wakakatwa nywele. Serikali ya Jamaika iliomba radhi rasmi mwaka 2017. Horace Andy alikuwa na miaka 12 wakati wa Coral Gardens. Kwa hiyo anapoimba kuhusu mtu anayechunguliwa mpaka mlimani, hatumii fumbo la kishairi, anasimulia kwa ufupi jambo ambalo kizazi chake kililijua. (Na tusilitazame kwa mbali. Ilikuwa Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilipoamua kwamba msichana wa Kirasta aliyerudishwa nyumbani na shule yake kwa sababu ya nywele arejee darasani.)

Mdundo unausaidia wimbo huo kuliko maneno. Hakuna mahali unapofunguka. Wimbo wa kawaida wa rege una daraja, mahali noti zinapopanda na kifua kikapumua. Huu unazunguka pale pale kwa dakika kadhaa, na sauti inarudi tena na tena kwenye shaka ile ile. Mwisho, dabu inapoanza na mwimbaji kutoweka, anayetazamwa ndiye ameondoka, besi imebaki ikizunguka kwenye chumba kitupu.

Stop the Fuss ni nzuri bila kuwa ya ajabu. Ya mwisho, Let's Live in Love, ndiyo nyepesi kuliko zote, na sitaitetea sana. Baada ya Spying Glass wito wa kuishi kwa upendo unasikika kama mtu aliyeambiwa amalizie na jambo jema.

Kwa nini ilizama

Turudi kwenye yale maelezo mepesi, kwamba soko lilikuwa limehama. Kama ingekuwa hivyo tu, Gregory Isaacs asingefanikiwa na Night Nurse, iliyotoka mwaka huo huo wa 1982, taratibu, yenye huzuni, imejaa mahaba na haina ughani hata chembe. Gregory naye alikuwa mwimbaji wa kila mlango. Anayetafuta mwimbaji aliyerekodi kupita kiasi ampe yeye nafasi ya kwanza. Tofauti ni kwamba Night Nurse ilitoka Island, kampuni iliyompeleka Marley duniani, yenye wasambazaji, wapiga picha wa majalada na watu wa kupigia simu redio. Mtu asiyemjua Gregory alikutana na Night Nurse akiwa hajaitafuta. Dance Hall Style ilibidi uifuate.

Na ungeifuatia wapi? Hapo ndipo anwani inapoingia. Kama ungekuwa mwimbaji wa rege mwaka 1982 na hukai Kingston, mahali pa kukaa palikuwa London. Huko kulikuwa na wasambazaji wa rege wanaopeleka mzigo nchi nzima, magazeti ya muziki yenye chati za rege, na redio za magendo zinazorusha usiku kucha. New York ilikuwa na Wajamaika wengi tu, lakini wengi wao walitaka kilichovuma nyumbani wiki ile. Akina Chin wa VP, kampuni ya santuri za rege, walihamia Queens mwaka 1979 na kujenga biashara kubwa kwa kukidhi hamu hiyo hiyo, kuleta mzigo wa Kingston. Santuri iliyotengenezwa Bronx, kwa sauti isiyo ya Kingston, haikuwa ya nyumbani wala ya ugenini. Redio za Wamarekani weusi nazo rege hazikuitaka.

Kuna jambo la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Bronx ile ile, mwaka ule ule wa 1982, ilitoa The Message ya Grandmaster Flash and the Furious Five, na masikio ya Marekani yakaelekea huko. Mtu anayetajwa kuwa baba wa muziki huo wa rap, Kool Herc, ni mzaliwa wa Kingston, aliyeanza na sherehe kwenye jengo la Sedgwick Avenue, Agosti 1973, kwa mitambo mikubwa ya sauti aliyoijua tangu utotoni. Yaani mtaa mmoja wa Bronx uliuchukua utamaduni wa ukumbi wa Jamaika ukaugeuza kuwa biashara ya mabilioni, na mtaa mwingine ulioulinda ulivyokuwa ukabaki na duka chini ya reli.

Halafu wingi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wengi wa rege, ambao husema mwimbaji wa nyimbo nyingi ni mwimbaji mwenye baraka nyingi. Wingi uliwafaa maprodyuza. Kila mmoja alipata kipande chake cha Horace Andy na kukiuza, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kungoja, kujenga, kutangaza, kusema: mwaka huu tunatoa albamu moja tu na tutaipigania. Prodyuza anayewekeza kwenye albamu anataka uhakika kwamba mwezi ujao mwenzake hataleta nyingine ya jina hilo hilo kwa bei nafuu. Uhakika huo haukuwepo. Barnes alifanya sehemu yake, alimpa mwimbaji muda na sauti. Kumlinda asishindane na yeye mwenyewe kulikuwa nje ya uwezo wake.

Wala mwimbaji hakuwa mzembe. Mtu ambaye hatapata mrabaha akitulia nyumbani, anaimba. Miaka ya 1980 ilipofika katikati alihamia London, mitaa ya Ladbroke Grove, akaendelea vile vile, albamu hii na ile, baadhi yao nisingemshauri mtu apoteze jioni yake.

Bristol na Berlin

Waliomrudisha hawakuwa wanahistoria wa rege. Massive Attack wa Bristol walitokana na Wild Bunch, kundi la vijana wenye mitambo ya muziki, wapigaji wa sherehe za mitaani, na kwa watu wa namna hiyo Horace Andy hakuwa jina la zamani, alikuwa sehemu ya sanduku lao la santuri. Walimwita kwenye Blue Lines, mwaka 1991. Kwenye Protection, mwaka 1994, wakamfanya auimbe upya Spying Glass. Mwaka uliofuata fundi wa dabu Mad Professor akaichukua karibu albamu nzima na kuipiga dabu, na wimbo huo ukarudi ulikotoka, umepunguziwa maneno, umebaki mvumo. Amesikika kwenye albamu zote tano za kundi hilo, kuanzia Blue Lines hadi Heligoland ya mwaka 2010.

Toleo lao la Spying Glass limepangwa vizuri, safi, na lilimletea wasikilizaji ambao Wackie's wasingewapata kamwe. Bado naliona dogo kuliko la Bronx. Limetiwa mapambo pale ambapo la kwanza lina tundu, na tundu ndilo lilikuwa wimbo.

Uokozi wa pili ulikuwa wa kimya na wa kina zaidi. Mark Ernestus alifungua duka la santuri la Hard Wax jijini Berlin mwaka 1989. Yeye na Moritz von Oswald, kwa jina la Basic Channel, walikuwa wakitengeneza tekno ya polepole iliyojaa mwangwi na mvuke, muziki ambao ukiusikia baada ya Wackie's unaelewa mara moja kwa nini walimtafuta Barnes. Kuanzia mwaka 2001 walianza kutoa upya santuri zake, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu, na Dance Hall Style ikiwemo. Hawakugeuza majalada kuwa makumbusho wala kuzijaza nyimbo za ziada. Walitoa kilichokuwepo, kwa ubora mzuri, wakakipeleka kwenye maduka ya tekno, na watu waliozoea kucheza kwenye giza la Berlin wakaisikia besi ile wakaielewa bila kufafanuliwa. Barnes mwenyewe aliimba nao, kwa jina lake la kale la Chosen Brothers.

Tazama jinsi fedha zinavyotembea katika uokozi wa aina mbili. Wimbo ukirekodiwa upya, kwa desturi haki inayolipwa ni ya mtunzi. Santuri ya zamani ikitolewa upya, malipo huanza kwa mwenye mkanda, yaani lebo, halafu ndipo yanapomfikia mwimbaji, kama makubaliano yalikuwepo. Kwa mwimbaji aliyekuwa akilipwa mkononi katika nchi yenye sheria ya mwaka 1911, njia ya kwanza ndiyo yenye matumaini. Kwa hiyo Bristol, pamoja na toleo lao ninaloliona dogo, huenda ndio waliomfaa zaidi mezani pake, na Berlin ndio walioifaa zaidi albamu.

Mwaka 2022, akiwa na miaka 71, Horace Andy alitoa Midnight Rocker na Adrian Sherwood wa On-U Sound. Ilipokelewa vizuri, na inastahili. Ndani yake kuna nyimbo zake za zamani alizoziimba upya, kama kawaida yake tangu Kingston, na kuna Safe from Harm ya Massive Attack, wimbo ambao kwenye Blue Lines haukuimbwa naye bali na Shara Nelson. Sherwood alifanya kile ambacho hakuna aliyeweza kukifanya mwaka 1982: alichukua muda, akachagua mwimbaji asikike vipi, na lebo ikaisukuma albamu hiyo peke yake. Ukiziweka pamoja, ile ya 2022 imetengenezwa vizuri zaidi, sauti imezeeka kwa uzuri, na hakuna wimbo wa kuruka. Ile ya Bronx ina Let's Live in Love mwishoni, na bado ndiyo ninayoipiga.